Toba na msamaha kwa Wayahudi: barua za wasomaji na majibu

Baada ya makala yetu fupi kuhusu Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, wasomaji wengi wametuandikia. Baadhi wanataka kuielewa dini hiyo vizuri zaidi, na wengine wana jambo linalowakaa moyoni, wakauliza marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, wangewaambia nini kama wangewaendea. Tumechagua barua sita, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Nimesoma kwamba Wayahudi wana siku moja kwa mwaka ambayo dhambi zote hufutwa. Je, hilo halimpi mtu ruhusa ya kutenda apendavyo mwaka mzima, mradi anajua siku hiyo itafika? Na toba yao hasa ni kitu gani?

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, na marabi waliuona zamani. Katika Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya sheria yaliyokuwa yakisimuliwa kwa mdomo mpaka yalipopangwa mwanzoni mwa karne ya 3, kuna sehemu nzima iitwayo Yoma inayoihusu siku hiyo. Sura yake ya mwisho inasema kwamba mtu anayejiambia, “Nitatenda dhambi, kisha nitatubu, nitatenda tena, kisha nitatubu,” hajaliwi nafasi ya kutubu, na anayesema, “Nitatenda dhambi na Siku ya Upatanisho itanisafisha,” siku hiyo haimsafishi. Aliyeiingiza toba katika hesabu ya dhambi yake ameshaiharibu kabla hajaianza.

Siku yenyewe huangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri katika kalenda ya Kiyahudi, ambayo kwetu huwa Septemba au Oktoba. Mfungo wake huchukua takriban saa 25, kuanzia kabla ya jua kuzama mpaka usiku wa siku ya pili uingie, na katika muda huo hakuna kula wala kunywa, hakuna kuoga wala kujipaka mafuta, hakuna viatu vya ngozi wala tendo la ndoa. Hata hivyo, hakuna anayeifikia siku hiyo ghafla. Mwezi mzima unaotangulia, uitwao Eluli, pembe ya kondoo hupulizwa asubuhi katika siku zisizo za Sabato ili kuwaamsha watu wajichunguze, kisha mwaka mpya huanza, na siku 10 za kwanza za mwaka huo huitwa Siku za Toba. Mtu aliyezitumia wiki hizo ipasavyo huwa ameshabisha hodi katika nyumba kadhaa kabla ya kuingia sinagogi jioni ile.

Ndani ya sinagogi waumini husimama na kuungama kwa sauti, wakijigonga kifua taratibu kwa ngumi kwa kila neno: tumekosa, tumesaliti, tumepora, tumesengenya, na kuendelea hivyo kwa mpangilio wa herufi za alfabeti ya Kiebrania kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Maneno yote yamo katika wingi. Hata mzee ambaye hajawahi kupora kitu cha mtu husema “tumepora”, kwa kuwa anaungama pamoja na jamii yake, na pengine yuko jirani anayeshindwa kulitamka neno hilo akiwa peke yake. Binafsi naona hapa kuna huruma kubwa sana.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa “toba” ni teshuva, na maana yake ya msingi ni kurudi. Hilo ndilo neno la manabii walipokuwa wakiwaita watu: rudini. Kwa hiyo mkosaji huonekana kama mtu aliyeiacha njia anayoijua na ambaye bado anaweza kuirudia. Aliyezipanga hatua za kurudi huko kwa uwazi kuliko wote ni Moshe ben Maimon, anayejulikana zaidi kwa jina la Maimonides, mwanasheria na tabibu aliyezaliwa Córdoba nchini Hispania mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Katika sura zake 10 za sheria za toba anamtaka mtu aiache dhambi, aiondoe mawazoni, aazimie moyoni kutoirudia, aijutie, kisha ayatamke hayo yote kwa midomo yake. Anayeungama kwa mdomo bila kuazimia kuacha, Maimonides anamfananisha na mtu anayetumbukia katika maji ya utakaso huku ameshika mkononi kiumbe najisi: hata akizama mara ngapi, hatakati mpaka akiachie.

Na toba iliyokamilika hujulikanaje? Maimonides anasema ni pale jambo lile lile linapomjia mtu tena, nafasi ipo na uwezo anao, naye akajizuia kwa sababu ametubu, si kwa hofu wala kwa kuishiwa nguvu. Wafafanuzi wengi wa Torati wameiona toba ya namna hiyo katika habari za Yuda mwana wa Yakobo. Yuda ndiye aliyetoa shauri kwamba Yusufu, kipenzi cha baba yao, auzwe. Miaka mingi baadaye, kule Misri, kikombe kinakutwa ndani ya gunia la Benyamini, ambaye naye ni mwana wa Raheli na kipenzi cha baba, na ndugu zake wanaambiwa wamwache mtumwani warudi nyumbani kwa amani. Nafasi ile ile imerudi, na safari hii isingewagharimu chochote. Yuda anasogea mbele na kuomba yeye awe mtumwa badala ya kijana. Maneno hayo yakamshinda Yusufu kujizuia, akawaamuru wote watoke, akalia kwa sauti.

Nikurudishe kwenye swali lako la kwanza, kwa sababu sura ile ile ya Mishna ina neno moja zaidi ambalo majibu yote yanayofuata yanaliegemea. Dhambi kati ya mja na Muumba wake, Siku ya Upatanisho huzisafisha. Dhambi kati ya mja na mja mwenzake, siku hiyo haizisafishi mpaka aliyekosewa aridhishwe. Mungu hatoi msamaha kwa niaba ya jirani yako.

SWALI: Sisi Wakristo tunasoma katika Waraka kwa Waebrania kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Hekalu la Yerusalemu halipo tena na Wayahudi hawatoi sadaka za wanyama. Wanapataje basi msamaha?

JIBU: Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na swali lako waliliuliza Wayahudi wenyewe wakiwa wamesimama mbele ya magofu. Inasimuliwa kwamba Rabi Yehoshua, akitoka Yerusalemu pamoja na mwalimu wake Rabi Yohanan ben Zakkai, aliyaona mabaki ya Hekalu akalia: ole wetu, mahali palipofanyiwa upatanisho wa dhambi za Israeli pamekuwa ukiwa. Mwalimu wake akamjibu asihuzunike, kwa kuwa wanao upatanisho mwingine unaolingana na ule, nao ni matendo ya fadhili, akamkumbusha neno la nabii Hosea kwamba Mungu anapenda fadhili kuliko sadaka.

Haya ni masomo mawili tofauti ya Maandiko, na sidhani ni haki kuyalazimisha yafanane. Wayahudi wanaposoma sheria za sadaka katika kitabu cha Walawi, wanatazama mambo ambayo msomaji mwingine anaweza kuyapita haraka. Maskini asiyeweza kumudu hata ndege wawili aliruhusiwa kuleta unga kidogo, na sadaka yake ya dhambi ikakubaliwa bila damu yoyote. Aliyeleta mnyama alitakiwa pia kuungama, na Maimonides anasisitiza kwamba sadaka haikumfaa mwenye nayo bila toba na maungamo. Tena watu wa Ninawi, ambao habari yao husomwa katika kila sinagogi alasiri ya Siku ya Upatanisho katika kitabu cha Yona, walifunga, wakavaa magunia, wakaacha njia yao mbaya, na Mungu akaghairi mabaya aliyokusudia juu yao. Hawakuwa na kuhani wala madhabahu. Marabi wanatufanya tuone kwamba andiko halisemi Mungu aliyatazama magunia yao wala mfungo wao. Linasema aliyaona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia yao.

Hata Hekalu liliposimama na kuhani mkuu akaungama dhambi za taifa zima huku mikono yake ikiwa juu ya kichwa cha mbuzi aliyepelekwa jangwani, mali ya jirani iliyoibwa haikuenda jangwani pamoja na mbuzi. Mishna inaeleza kwamba mporaji aliyeleta sadaka kabla ya kurudisha alichopora hakuwa ametimiza wajibu wake.

SWALI: Nilikuwa mshirika wa rafiki yangu katika biashara ndogo, nikachukua fedha za biashara bila yeye kujua. Alipogundua, nilizirudisha zote. Sasa ni mwaka wa pili na hataki hata kunisalimu. Mimi si Myahudi, lakini nataka kujua: kwa sheria yao, bado ana haki gani juu yangu ilhali nimeshalipa?

JIBU: Ndugu yangu, umesema umezirudisha fedha. Hujasema kwamba umemwomba radhi.

Sheria ya Kiyahudi inayatenganisha mambo hayo mawili kwa makusudi. Katika sehemu ya Mishna inayoitwa Bava Kamma, aliyemjeruhi mwenzake anatakiwa kulipa mafungu matano: fidia ya kilema chenyewe, ya maumivu, ya matibabu, ya siku alizoshindwa kufanya kazi, na ya aibu aliyomtia. Ni hesabu ndefu na ya haki, na msomaji anaweza kudhani kwamba aliyelipa yote hayo amemaliza. Mishna inaendelea hapo hapo: ingawa amelipa, hasamehewi mpaka amwombe msamaha yule aliyemkosea. Ushahidi wanaoutoa ni wa mfalme Abimeleki aliyemchukua Sara. Hakuambiwa tu amrudishe mwanamke. Aliambiwa amrudishe na kwamba Ibrahimu ndiye atakayemwombea. Uzima wa mfalme ukawekwa mdomoni mwa mtu aliyemdhulumu.

Kwa hiyo fedha ulizorudisha zimefuta deni la fedha. Rafiki yako alipoteza pia kitu ambacho hakimo katika daftari la biashara, yaani ule utulivu wa kukuachia funguo na kwenda nyumbani kulala. Wajibu wako ni kumwendea mwenyewe na kulitaja kosa kwa jina lake. Kusema “kama nilikukwaza naomba unisamehe” ni kumtupia yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikwazwa. Sema: nilichukua fedha hizi, siku hizi, nikakuangalia usoni nikakudanganya. Maimonides anamsifu anayeungama waziwazi makosa aliyomtendea mwenzake.

Na akikataa? Utaratibu uliowekwa ni wa subira. Unarudi ukiwa na watu watatu miongoni mwa rafiki zake, nao wanamsihi. Akikataa unawaleta kundi la pili, na akikataa tena, la tatu. Baada ya hapo sheria inakuruhusu umwache, na lawama inamhamia yeye kwa kuwa ameombwa kwa dhati mara tatu akakaza moyo. Kama uliyemkosea ni mwalimu wako, hakuna idadi: unakwenda na kurudi hata mara elfu.

Tafadhali usiusome utaratibu huo kama mhuri wa posta, kwamba ukigongwa mara tatu barua imefika. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasimulia kisa cha Rav, mwanachuoni mkubwa wa Babeli wa karne ya 3, ambacho kwangu ni dawa ya fikra hiyo. Siku moja Rav alikuwa akisoma mbele ya mwalimu wake. Akaingia mwanachuoni mmoja, na Rav kwa heshima akarudi mwanzo wa somo. Akaingia wa pili, akarudi mwanzo. Akaingia wa tatu, akarudi tena. Alipoingia wa nne, Rabi Hanina, Rav akachoka, akasema: nitarudi mwanzo mara ngapi? Akaendelea mbele. Rabi Hanina akaumia moyoni. Ni kosa dogo kiasi kwamba wengi wetu tusingelikumbuka jioni yake. Rav alimwendea Rabi Hanina kumwomba radhi katika mkesha wa Siku ya Upatanisho kwa miaka 13 mfululizo, na Rabi Hanina hakuridhika. Talmudi yenyewe inashangaa, kwa maana kanuni inasema mara tatu tu, na jibu lake ni fupi: Rav ni tofauti. Alijitwika zaidi ya sheria ilivyomdai.

Wewe uko mwaka wa pili, na kama nimeisoma barua yako sawasawa, hujaenda hata mara moja.

SWALI: Ndugu yangu wa damu alinizushia uongo mbele ya ukoo mzima na heshima yangu ikaporomoka. Hajawahi kuniomba radhi. Kila mtu ananiambia “samehe yaishe”. Je, Wayahudi nao wanafundisha kwamba ni lazima nisamehe?

JIBU: La. Pole sana kwa yaliyokupata, na pole pia kwa wanaokusihi wewe badala ya kumwendea yeye.

Wajibu wa kusamehe, kwa sheria ya Kiyahudi, huanza pale mkosaji anapokuja na kuomba kwa moyo wa kweli. Hapo ndipo aliyekosewa anakatazwa kuwa mkatili, na Maimonides anataka asamehe kwa moyo mkunjufu hata kama alitendewa mabaya mengi. Lakini kabla ya hapo hakuna anayeweza kukushika na kukuambia unadaiwa msamaha, kwa kuwa mwenye deni bado hajakubali hata kwamba anadaiwa.

Kwa habari ya uzushi, marabi walikaza zaidi. Imeelezwa katika Talmudi ya nchi ya Israeli kwamba aliyemharibia mwenzake jina hana msamaha, na katika karne ya 16 Rabi Moshe Isserles wa Kraków aliandika kwamba aliyezushiwa hana wajibu wa kumsamehe mzushi. Sababu iliyotolewa ni ya watu wanaoujua ukoo ulivyo: huenda wako waliousikia uongo na hawatausikia ukanusho wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata ndugu yako akija kesho akilia, bado kuna shangazi fulani mahali fulani anayekufikiria vibaya, naye hajui kwamba mambo yamebadilika. Ukiamua kumsamehe, hiyo ni hisani yako, na ungekuwa na haki ya kumtaka kwanza azunguke alikouzungusha uongo wake na kuusahihisha kwa kinywa kile kile.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo Torati inakutaka wewe ulifanye. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, imeamriwa kwamba usimchukie ndugu yako moyoni mwako, bali umkemee. Maimonides anaisoma amri hiyo hivi: aliyekosewa asinyamaze na kumwekea mwenzake kinyongo, kama Absalomu ambaye hakusema na Amnoni neno, la heri wala la shari, huku akimchukia. Amwendee na kumwambia, kwa nini umenitendea hivi? Kumuuliza si kumsamehe. Ni kumpa nafasi ya kuomba. Kama unajua kwamba mtu mwenyewe ni mjinga mno au hana akili ya kuelewa, Maimonides anakubali pia njia ya aliyeamua kimya kimya kuachilia bila kusema kitu, mradi kweli ameachilia.

Talmudi inasimulia namna mbili za kumsogelea mkosaji asiyekuja. Rabi Zeira, mtu alipomkosea, alikuwa akipita na kupita tena mbele yake, ili yule apate nafasi ya kuomba radhi bila kufunga safari. Rav naye, katika mkesha mmoja wa Siku ya Upatanisho, alikwenda kwa mchinjaji aliyemkosea na ambaye hakuwa ameonekana. Njiani mwanafunzi wake alimuuliza anakwenda wapi, na alipojibiwa, akasema moyoni kwamba mwalimu anakwenda kuua mtu. Rav akasimama mbele ya yule mchinjaji, aliyekuwa ameketi akipasua kichwa cha mnyama. Mchinjaji akainua macho, akamwona, akasema: ni wewe? Nenda zako, sina neno nawe. Akaendelea kupasua, mfupa ukaruka, ukampiga kooni, akafa. Mimi huwa nakisoma kisa hiki nikimhofia mchinjaji na pia nikimsikitikia Rav, aliyetoka nyumbani akitafuta amani. Kupita mbele ya mtu na kumsimamia mtu si jambo moja, na anayetaka kumsaidia mkosaji wake ajiulize kwanza ni lipi kati ya hayo mawili analolifanya.

Kiebrania kina maneno tofauti ambayo Kiswahili huyakusanya yote katika “msamaha”. Mehila ni kuachilia dai: hunidai, sikudai, kila mtu na njia yake. Seliha huingia ndani zaidi, pale moyo unapomwona mkosaji kuwa binadamu dhaifu na kumhurumia. Kapara, ule utakaso wa dhambi, kwa marabi ni kazi ya Mungu. Kwa hiyo siku utakapoamua kumpa ndugu yako mehila, usikubali yeyote akulazimishe kuongeza kwamba mrudi kuketi meza moja kama zamani. Na kama kinyongo kinakunyima usingizi, Wayahudi wengi husoma kabla ya kulala sala inayoanza kwa kumwambia Mungu kwamba msemaji anamsamehe kila aliyemkasirisha au kumuudhi siku hiyo. Mtu huisoma chumbani peke yake, na mkosaji hana habari nayo.

SWALI: Niliiba, nikahukumiwa, nikamaliza kifungo changu. Nimebadilika, lakini kila panapotokea kutoelewana, hata nyumbani kwangu, narushiwa maneno ya zamani. Mtu aliyetubu ana haki ya kusahauliwa makosa yake?

JIBU: Kwa Wayahudi, ndiyo, na haki hiyo ina sheria yake. Mishna inakataza kumdhulumu mtu kwa maneno kama inavyokatazwa kumdhulumu katika biashara, na mmoja wa mifano ya dhuluma ya maneno ni huu: mtu akiwa ametubu, asiambiwe, “Kumbuka matendo yako ya kwanza.” Anayekurushia maneno hayo katikati ya ugomvi ndiye anayevunja sheria wakati huo.

Marabi walikwenda mbali zaidi, wakabadilisha hata sheria ya mali ili wanaotaka kurudi wasikatishwe tamaa. Mtu aliiba boriti akaijengea ndani ya nyumba yake kubwa, kisha akatubu. Torati inataka kitu kilichoibwa kirudishwe chenyewe. Shule mbili za marabi zilitofautiana: wafuasi wa Shammai walisema abomoe jengo zima airudishe boriti kwa mwenyewe. Wafuasi wa Hillel walisema mwenye boriti apokee thamani yake tu, kwa ajili ya wanaotubu, na hivyo ndivyo sheria ilivyokaa. Walijua kwamba ukimwambia mtu abomoe nyumba yote ili atubu, atabaki na nyumba na dhambi yake pia. Kiko kisa kingine kinachoonyesha busara hiyo. Mwizi mmoja alitaka kutubu, mkewe akamwambia: ee mtu mtupu, ukitubu, hata huo mshipi uliojifunga si wako! Akaiacha toba. Baada ya hapo marabi wa kizazi hicho wakaagiza kwamba waporaji na wala riba wakija kurudisha, mali isipokelewe kutoka kwao.

Waonyeshe jibu hili walioko nyumbani, kama unaona litafaa. Katika Talmudi, Rabi Abbahu anasema kwamba mahali wanaposimama waliotubu, wenye haki kamili hawawezi kusimama. Maimonides anatoa sababu: aliyetubu ameshaionja dhambi kisha akajitenga nayo, na jitihada yake ni kubwa kuliko ya asiyewahi kuionja.

SWALI: Nilimdhulumu mtu akafa kabla sijamwomba radhi. Je, mlango umefungwa?

JIBU: Haujafungwa, ingawa huu ndio mlango mzito kuliko yote, na kwa sababu hiyo Rabi Eliezer aliwaambia wanafunzi wake watubu siku moja kabla ya kufa kwao. Wakamuuliza: kwani mtu anajua atakufa siku gani? Akasema, basi na atubu leo, asije akafa kesho.

Sheria inamtaka aliyechelewa kama wewe achukue watu 10, aende nao mpaka kaburini kwa marehemu, asimame mbele yao na kusema: nimemkosea Bwana, Mungu wa Israeli, na huyu fulani, kwa kumtendea hivi na hivi. Jina la marehemu linatajwa, na kosa linatajwa. Watu 10 ni idadi ile ile inayohitajika kwa sala ya jamaa. Kama kosa lilikuwa la mali, anawapa warithi wake kile alichokuwa akidaiwa. Na kama hawajui warithi hao, anaikabidhi mali hiyo mahakamani mwa marabi, kisha anaungama.